Yangeyange Hasubiri Tatu

Kwa miaka thelathini Fundi Picha alikuwa amepiga picha za pasipoti bila kushindwa na uso wa mtu, na leo ndege mmoja tu alikuwa anamtoa jasho. Mchapa kalenda alitaka picha ya yangeyange, yule ndege mweupe, kabla ya saa tisa; ikikosekana, ukurasa wa Januari unakwenda kwa mpiga picha mpinzani wa ng'ambo ya barabara. Mpinzani mwenyewe alishaanza kujisifu, na hilo lilimchoma Fundi kuliko jua.

Jua nalo lilikuwa la utosi. Yangeyange haji mpaka muuza nyama jirani aoshe gogo lake la kukatia nyama na mabaki yaingie mferejini, na muuza nyama haoshi gogo mpaka saa sita mchana. Picha tatu za kwanza zilitoka nyeupe pe, ndege hana bawa wala unyoya, utadhani karatasi imeanguka uani.

"Anataka kivuli huyo," alisema mkewe. Akafungua mwavuli, akachuchumaa kando ya mfereji.

Ndege akarudi. Fundi akajisahau, akatangaza kwa sauti ya studio: "Tayari? Moja, mbili..." Kabla ya tatu, ndege huyoo, juu ya paa.

"Baba watoto, huyo hatafuti pasipoti. Funga mdomo!"

"Nisipohesabu, kidole hakibonyezi."

"Basi hesabu kimoyomoyo."

Alijaribu. Midomo ikacheza, kidole kikagoma, ndege akala akaondoka. Saa nane ikapita. Fundi alitaka kulia, na wala hakuona haya.

Mara ndege akarudi, mdomo wazi kwa joto, akaingia mwenyewe chini ya mwavuli na kusimama karibu na goti la mkewe Fundi. Fundi akasahau kuhesabu. Akanong'ona tu lile neno lake jingine la kazini: "Kidevu juu kidogo."

Mkewe akainua kidevu. Ndege naye akainua. Kidole kikabonyeza.

"Ndege safi, manyoya yote yanaonekana," alisema mchapa kalenda. "Huyu mama wa pembeni tutamkata atoke pichani."

"Ukimkata, nirudishie picha yangu," Fundi alisema, akanyoosha mkono. Mchapaji akaguna, akatazama saa, akaichukua nzima.

Jioni mkewe aliishika nakala yake, akaitazama wee.

"Tangu unioe hujawahi kunipiga picha," alisema. "Leo umenipiga, hata hukunihesabia."

Akaenda kuvaa gauni lake zuri, akarudi, akaketi kwenye stuli ya studio na kuinua kidevu.

"Haya, anza. Moja."