Upepo wa Mzee Eliapenda

Kompyuta iliyozimwa haijibu kitu. Ile ya mapokezi ilikuwa inajibu, tena haraka: imekataa. Ni kama kupiga hodi ukasikia mtu ndani akisema hataki wageni. Hilo ndilo lililomnyima Nehemia, fundi wa kompyuta, raha, naye akatunyima na sisi.

Mwaka ule wa 2004 kampuni yetu ya safari pale Karatu ilikuwa na kompyuta tatu: moja ofisini kwa Mzee Eliapenda, mwenye mali na mkurugenzi, moja mapokezi kwa Cresensia, binti wa kijijini Ganako, na moja kwangu, stoo ya mahema. Nehemia aliletwa kutoka Arusha atuwekee programu ya kupanga wageni wa Ngorongoro. Kwanza ilibidi aijaribu. Laptop yake iziamuru kompyuta zote tatu ziombe hema moja kwa wakati mmoja, tuone kama litatolewa kwa watu wawili. Ili amri zipokelewe, kila kompyuta ilitakiwa kuwa na dirisha jeusi limefunguliwa kwenye skrini, likisubiri. Yangu ilipokea. Ya mzee ilipokea. Ya Cresensia, imekataa.

Nehemia akabadilisha waya, akabadilisha namba, akaondoa ulinzi wote mpaka nikaogopa virusi vitaingia hata kwenye mahema. Akilifungua lile dirisha mwenyewe, kazi inakwenda. Akirudi baadaye, imekataa. Cresensia alipoulizwa kama ameharibu kitu alisema hapana, na kweli hakuwa ameharibu.

Mwishowe Nehemia akajibanza kwenye kochi la mapokezi, akijifanya anasoma gazeti. Akaingia Mzungu kuulizia safari. Cresensia akafunga kila kilichokuwa kwenye skrini, dirisha jeusi likiwamo, akasimama, akampokea kwa mikono miwili.

"Mgeni akiingia unaweka chini ulichoshika," alijieleza. "Ndivyo nilivyolelewa."

Nehemia akawaka mbele ya yule yule Mzungu. Alimwita mshamba, akasema kompyuta si jembe la kuweka chini. Nilikasirika, maana na mimi nimelelewa hivyo hivyo, ila stooni hakuji mgeni. Mzee Eliapenda akaongeza lake: siku ya majaribio dirisha likifungwa, Cresensia arudi Ganako akapalilie maharage. Na mshahara wa binti yule ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zake.

Siku ikafika. Mama Martha, wakala wa Arusha anayetuletea wageni, akaja kushuhudia. Cresensia alimsalimia akiwa amekaa, mkono kwenye meza, macho kwenye skrini. Aibu aliyoiona iliniuma hata mimi. Mama Martha akapita, akaingia kwa mzee, mimi na Nehemia nyuma yake.

Mzee naye kalelewa na mama mkali wa Machame. Akashika mausi, akafunga kila kilichokuwa mbele yake, ndipo akainuka. "Karibu sana, mama. Karibu kiti."

Nehemia akabonyeza. Mbili zimepokea, moja imekataa.

Mzee akamwita Cresensia hata kabla ya kutazama. Binti akaja, akasimama mlangoni, machozi karibu.

"Sijafunga, mzee," alisema taratibu.

Jina la kompyuta iliyokataa lilikuwa pale pale kwenye laptop, kwa herufi kubwa: OFISI YA MKURUGENZI. Nililiona. Nehemia aliliona zaidi. Nikasubiri nisikie mshamba ni nani leo.

"Ni upepo, mzee," alisema Nehemia.

Waya wetu umepita chini ya sakafu ya saruji.

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaanza kumweleza Mama Martha jinsi upepo wa kreta ya Ngorongoro ulivyo mbaya. Nehemia akazunguka meza kimya kimya, akafungua lile dirisha jeusi, na jaribio likapita. Kabla ya mwezi kuisha tulikuwa tumepanda mstari wa miti ya migrevilea upande wa mlimani, kwa amri ya mzee, ili kuukinga mtandao.

Cresensia akabaki mapokezi, akarudia kusimama kwa kila mgeni. Siku moja Nehemia alimjia amefura: kompyuta ya mapokezi imekataa tena. Cresensia akainuka, akamtazama kwa heshima zote.

"Ni upepo, kaka Nehemia."

Nehemia akapita nyuma ya meza, akaenda kulifungua dirisha mwenyewe.