Kny: Kamongo

Kikundi cha Mwalo Wetu kilikuwa na wanachama mia mbili na kumi na wanne, na waliokuwa wanaandika walikuwa sita. Wengine wote kazi yao ilikuwa dole gumba. Ukiandika kwamba mwekezaji ameongeza mabati kwenye uzio, dole gumba arobaini. Ukiandika kwamba mama mzee ameanguka na beseni la dagaa, dole gumba arobaini na mbili, na mmoja asiyesoma vizuri anaweka kopa la mapenzi.

Mwanzo haikuwa hivyo. Miaka miwili nyuma, mwekezaji wa hoteli alipozungushia mabati upande ule wa ziwa na kuifunga njia ya kwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki na dagaa huanikwa, watu waliwaka. Dafroza Magesa, mwenye steshenari pale Iringo, mjini Musoma, ndiye aliyefungua kikundi. Alikiweka Telegram kwa sababu huko namba ya simu inafichika, akatunga na sheria moja: hakuna jina la kweli, kila mtu achague samaki. Yeye akawa Sato. Wakaja akina Sangara na wengine, na majina yalipoisha wakapeana namba, Dagaa wa Kwanza mpaka Dagaa wa Themanini. Wiki hiyo simu ya Dafroza ilikuwa inaisha chaji kabla ya saa nne asubuhi. Watu walitaka kufunga barabara, walitaka kwenda Dodoma kwa miguu. Walikuwa na ujasiri wa ajabu, hao samaki.

Kisha ujasiri ukapoa, kama unavyopoa ujasiri usio na mwenyewe. Walioandika wakashuka wakawa hamsini, wakawa ishirini, wakabaki hao sita: Sato, Furu, Ningu, Kamongo wa Bunda, Mumi wa Butiama na Gogogo wa Mugeta. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Dafroza hakumwambia mtu: Furu na Ningu walikuwa yeye mwenyewe. Aliona aibu kikundi kikae kimya wiki nzima, akanunua laini mbili, akamfanya Furu kuwa mkali na Ningu kuwa mwoga, akawa anawagombanisha huku anatoa watu fotokopi. Kuna siku Ningu alimjibu Furu vizuri mpaka Dafroza akakasirika kweli, akamrudishia mteja chenji pungufu.

Lakini Kamongo hakuwa wa kutunga. Mama yake Dafroza, mama Tabitha, anaanika dagaa mwaloni tangu Dafroza yuko mgongoni. Njia ilipofungwa akawa anazunguka saa nzima kwa mguu, beseni kichwani, akipita kwenye mawe, na siku moja akaanguka na goti likavimba. Sato akaandika kikundini kwamba mama mmoja ameanguka. Hizo ndizo dole gumba arobaini na mbili nilizozitaja. Kamongo peke yake alimwandikia pembeni: "Pole sana. Ni mama yako, eeh? Goti la upande gani?" Kesho yake akauliza goti limeamkaje. Kesho kutwa akauliza tena. Aliuliza asubuhi ishirini mfululizo, na Dafroza, aliyeachana na mume miaka sita iliyopita, alikuwa hajawahi kuona mwanaume akiuliza jambo moja asubuhi ishirini. Akaanza kuamka mapema.

Mwezi wa sita, tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya kata. Mwekezaji anaomba kibali cha kung'oa mabati na kujenga ukuta wa tofali. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, likiwa na majina na sahihi za watumiaji wa mwalo wasiopungua kumi, popote wanapoishi. Mabati yanang'oka. Ukuta ukishapanda haung'oki, na mama Tabitha angezunguka kwenye yale mawe mpaka siku ya mwisho wake, au angeacha dagaa, na kwa mama Tabitha hivyo viwili havina tofauti kubwa.

Mama alichukua fomu akapita nayo mwaloni asubuhi moja. Alirudi na wanawake saba, yeye mwenyewe wa nane kwa dole la wino. Wengine walimkwepa, watoto wao walikuwa wameahidiwa kazi za hotelini. Dafroza akaandika jina lake, wakawa tisa.

"Wa kumi umtafute wewe," mama alisema. "Si unasemaga una watu mia mbili humo kwenye simu?"

"Mia mbili na kumi na wanne, mama."

"Basi hao wengine waache. Niletee mmoja."

Dafroza akaandika kikundini kwamba anahitajika mtu mmoja, jina la kweli na sahihi. Dole gumba sitini na tatu zikaja ndani ya dakika kumi. Hazikuwahi kuwa nyingi hivyo. Sangara Mkuu, ambaye hakuwa ameandika kwa miezi kumi na minne, akaibuka kuonya kwamba jambo hili linagusa usalama wa wanachama, hivyo ipigwe kura kwanza kama ni sawa mtu kutoa jina. Kura ikapigwa. Tisini na sita walisema ni sawa kabisa mtu atoe jina. Dafroza akasubiri huyo mtu atokee kati ya hao tisini na sita, akasubiri mpaka chai ikapoa, hakutokea.

Ndipo Kamongo akamwandikia pembeni. Angesaini, ila uso kwa uso hapana, "unajua mambo yalivyo." Aiache fomu kwenye bahasha kwa mama ntilie fulani pale stendi ya Bunda. Saa moja baadaye Gogogo wa Mugeta akakubali, naye bahasha yake iachwe hapohapo. Kisha Mumi, yeye aachiwe kwenye duka la spea za baiskeli Butiama. Dafroza alifurahi akasahau hata kutoza pesa ya laminesheni. Mmoja alitafutwa, wamepatikana watatu!

Jumanne alifunga duka, akasuka nywele, na hilo la nywele tusiliulize. Alishuka Bunda, akampa mama ntilie bahasha mbili, akaagiza chai, akakaa pale akimtazama kila mwanaume aliyeingia mpaka chai ya tatu. Njiani kurudi akakatia Butiama akaacha ya tatu. Alhamisi akazifuata zote, na jioni, dukani, akazifungua.

Majina yalikuwa mazuri tu. Boniphace Ryoba wa Bunda. Paschal Makongoro wa Butiama. Alfonsi Wambura wa Mugeta. Mmoja ametumia peni ya bluu, mmoja nyeusi, mmoja ameandika kwa kulaza herufi kushoto kama mtu anayetumia mkono wa kulia kwa shida. Kazi ilikuwa imefanywa kwa bidii. Ila kwenye nafasi ya sahihi, wote watatu, kabla ya kile kifundo cha wino, walikuwa wameandika herufi tatu na nukta mbili: Kny:

Mtu wa kawaida angedhani ni uchafu wa peni. Dafroza anaishi kwa kutoa nakala za barua za ofisi, na anajua kwamba Kny ni kwa niaba ya, na kwamba mtu aliyesaini barua za mkubwa wake miaka kumi na tano mkono wake haujui tena kusaini kwa niaba yake mwenyewe. Ile y ilikuwa na mkia mrefu unaojikunja mara mbili. Mkia huo aliufahamu. Alivuta faili la nakala zilizoharibika, akatoa barua ya wiki iliyopita kutoka ofisi ya kata, akaiweka kando ya fomu. Kny: Mtendaji wa Kata. Mkia uleule. Ni karani Jilala, yule mpole wa kaunta, anayeletaga barua kutoa nakala na kusema asante mara mbili.

Kwa hiyo Bunda, Butiama na Mugeta yote ilikuwa kaunta moja, tena ya serikali. Dafroza alilia. Alilia kwanza kwa hasira, kisha kwa aibu ya zile nywele, na mwisho akalia kwa zile asubuhi ishirini, ambazo ndizo ziliuma zaidi.

Ijumaa saa tano na nusu alikuwa mbele ya ile kaunta.

"Karibu dada Dafroza," Jilala alisema. Alipokea pingamizi, akahesabu kwa ncha ya peni. "Hapa wapo tisa. Wanatakiwa kumi."

"Wengine wako kwenye bahasha."

Akafungua. Akaona maandishi yake mwenyewe, akajifanya anayasoma.

"Ulijitahidi, kaka," Dafroza alisema kwa sauti ya chini. "Hadi ukalaza herufi. Sasa angalia sahihi."

Jilala akaangalia. Alifunika fomu kwa kiganja, kana kwamba mkubwa wake yupo nyuma ya bega.

"Kny," akasema. "Jamani, mkono huu!"

"Maneno yetu ulikuwa unayapeleka wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu mlango wa mtendaji. "Kila Ijumaa naandikaga ripoti. Niliambiwa niingie, nijue ni akina nani. Sikumjua hata mmoja, dada, kweli. Mwanzoni kulikuwa na cha kuandika. Baadaye mkanyamaza. Sasa ningeandika nini? Nikimwambia mkubwa grupu limekufa, ananirudisha kwenye kukagua vyoo vya kaya. Ndiyo nikaleta Mumi na Gogogo wawachokoze kidogo. Na kama si yule Furu, kazi ingenishinda. Yule ni hatari. Nimemwandikiaga ukurasa mzima, kwamba ana wafuasi mpaka Tarime."

"Furu ni mimi."

Jilala akaweka peni chini. "Na Ningu?"

"Na Ningu."

Alihesabu kwa vidole juu ya kaunta, taratibu, Sato, Furu, Ningu upande huu, Kamongo, Mumi, Gogogo upande ule. "Kwa hiyo mwaka mzima huu tulikuwa..."

"Wawili."

Dafroza akageuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Ofisi ilikuwa na mzee mmoja tu aliyesubiri barua ya utambulisho, na alikuwa amesinzia.

"Na goti la mama?" Dafroza aliuliza. "Nalo uliliandika kwenye ripoti?"

"Hapana." Alijibu haraka, halafu akarudia polepole. "Hapana, hilo sikuliandika. Mama yangu alikuwaga na goti hivyohivyo, kule Maswa. Sikuwepo."

Dafroza alitaka kumchukia, alijiandaa kumchukia tangu jana jioni, na sasa hakujua aiweke wapi ile chuki. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Hawa watatu siwezi kuwapokea," Jilala alisema. "Ni mtu mmoja."

"Na mimi nimepungukiwa mtu mmoja." Akamsogezea fomu ile yenye majina tisa, na peni.

"Mimi ni mtumishi, dada."

"Dagaa unakula?"

"Nakula."

"Anakununulia nani?"

"Nanunuaga mwenyewe. Jumamosi, kule kule mwaloni."

"Basi wewe ni mtumiaji wa mwalo. Andika."

Jilala aliuangalia mlango wa mtendaji muda mrefu. Kisha akaandika jina lake, Jilala, na la baba yake, kwa ule mwandiko wake wa kweli ambao haukuwa umelala upande wowote. Kwenye nafasi ya sahihi mkono ukaenda wenyewe: K, n. Akasimama. Akazifuta herufi zile mbili kwa mstari, akapumua, akasaini. Sahihi yake ilitoka ya kitoto, kama ya mtu anayejifunza. Halafu akageuza fomu, akagonga mhuri wa kupokelewa, na chini ya mhuri, safari hii kwa haki kabisa, akaandika Kny: Mtendaji wa Kata.

Kikao cha pingamizi kilichukua dakika ishirini. Majina kumi yasingemtisha mtu, lakini mtendaji alikuwa na faili la ripoti za mwaka mzima, na ndani yake kulikuwa na watu mia mbili na kumi na wanne, na Furu, na wafuasi wa mpaka Tarime. Akamshauri mwekezaji, kwa usalama wake, aache njia ya mita tatu. Ikaachwa. Hivyo mama Tabitha alirudishiwa njia na jeshi ambalo halikuwepo. Jilala, ambaye alikuwepo, akahamishiwa kata ya mbali na lami wiki ileile.

Dafroza akaandika kikundini: "Tumeshinda. Njia imefunguliwa. Hakuna tena cha kuogopa. Mimi Sato naitwa Dafroza Magesa, wa steshenari ya Iringo. Tujuane sasa. Nani mwingine yupo?"

Dole gumba themanini na nane. Kisha namba iliyo juu ya kikundi ikaanza kushuka. Mia mbili na tisa. Mia na sabini. Sangara Mkuu aliondoka wa kwanza, bila kupiga kura. Kufikia saa tisa alasiri walikuwa kumi na wawili, na Dafroza akamtoa Furu, akamtoa Ningu, akiwa na uchungu kidogo kwa Furu. Mumi na Gogogo wakaondoka kwa mpigo. Waliobaki nao wakafuata, mmoja mmoja, mpaka namba ikasimama kwenye mbili.

Mama Tabitha alipita dukani na beseni tupu, amepita njia yake, anatembea vizuri. Alimkuta bintiye ameinamia simu.

"Hao watu wako wamefurahi?"

"Wamefurahi sana, mama. Wameondoka."

"Wote?"

Simu ikalia. Jina la Kamongo lilikuwa limeshabadilishwa, na ujumbe ulikuwa mfupi: "Nipo. Huku mtandao unasumbuaga, nimepanda kilimani. Goti la mama limeamkaje? Jilala."