Namba Saba: Ua wa Madobi

Msimu wa joto ukiingia, mji wetu hupandwa na wazimu. Wageni humiminika kutoka kila upande, hoteli zinafurika, na bosi wetu anatoa karatasi yake ya rangi: "Mambo Kumi ya Kufanya Mjini Msimu Huu." Kupanda mnara wa saa. Kula aiskrimu kando ya maji. Kusikiliza bendi bustanini. Ndiyo maana tunamwita Mzee Orodha, ingawa mbele yake ni bosi kwa adabu zote. Mimi ni mtembeza wageni wake: fulana ya njano, kibendera mkononi, na tabasamu la tangu saa mbili asubuhi mpaka mashavu yanauma.

Mwaka huu nilipofika namba saba, damu ilinichemka. "Ua wa madobi: shuhudia maisha halisi."

Halisi! Kwani ya kwenye mnara ni maigizo?

Katika ua ule mama yangu amefua nguo za watu miaka ishirini na sita. Masinki sita ya zege, kamba kumi na mbili, na chumba cha pasi ambacho ukiingia na shati kavu unatoka nalo limelowa. Ua huo umenilisha na kunisomesha. Na una sheria moja isiyovunjwa: mashuka meupe huanikwa kamba za nje, na nguo za ndani, pamoja na mashuka yenye madoa yaliyogoma kutoka, huanikwa kamba za katikati, zifichwe pande zote. Hata mimi mwanawe nikiuliza gauni hili la nani, najibiwa, "La mwenyewe." Dobi akitoa nje siri ya mteja mmoja, mtaa mzima unahamisha nguo zake.

"Bosi, namba saba tuiache," nilimwambia. "Wale watu wako kazini."

"Ndiyo utamu wake," akasema, hata macho hakuinua. "Nimeshaongea na mwenye ua. Kwani wewe una nini na madobi?"

Kampuni yetu hairuhusu mtembezaji kupeleka wageni kwa ndugu zake. Mwenzetu mmoja alifukuzwa kwa sababu ya duka la viatu la shemeji yake, na kisa hicho niliwahi kumsimulia mama tukacheka hadi machozi. Ningesema "yule ni mama yangu," ningevua fulana siku hiyo hiyo.

Kosa langu ni kwamba hata mama sikumwambia. Siku tatu nilikula kwake, nikaosha vyombo, nikaaga. Nilijidanganya kwamba tutaishia mlangoni, wachungulie kidogo, tuondoke.

Siku ya nne nikaingia na watu kumi na wanane.

Mama alikuwa ameinamia sinki, mikono imezama kwenye povu. Alinitazama, akaitazama fulana, akautazama umati uliokuwa nyuma yangu. Akaelewa yote.

"Karibuni, wageni," akasema. Kisha kwangu, kwa sauti ya mtu asiyenijua: "Karibu na wewe, dada."

Dada! Mimi niliyelala mgongoni kwake akipiga pasi! Nilimkasirikia bosi, nikawakasirikia wageni, lakini wakati ule niliyemkasirikia zaidi ni yeye, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kunikana ili nisipoteze kibarua.

"Huyu mama yuko hapa miaka mingapi?" mgeni mmoja akaniuliza.

"Sijui," nikasema. "Muulizeni mwenyewe."

Mwanamume mmoja wa kofia pana, ambaye tangu asubuhi alikuwa akigusa kila kilichoandikwa usiguse, alishapenya hadi katikati ya ua. Akashika shuka la nje, akaliinua na kulitupia juu ya kamba.

"Na huku nyuma mnaficha nini?" akacheka, simu ikiwa tayari mkononi.

Mama alikimbia, povu likidondoka njia nzima, na mgeni mmoja mlangoni alikuwa ameshaanza kurekodi. "Baba, nakuomba. Hizo ni za watu."

"Picha moja tu, mama. Haiumi."

Sikumbuki nilivyofika pale. Kibendera nilikitupa, kikaangukia ndani ya sinki.

"Shusha hilo shuka! Huna haya wewe? Nimesema shusha! Huyu ni mama yangu mzazi, na kwa mama yangu hakuchunguliwi!"

Madobi wengine waliacha kusugua. Nikajua kazi imekwisha, na haki ya Mungu nilifurahi.

Kisha msichana mmoja akaweka mkono kifuani. "Jamani! Kumbe ni mama yake!"

Simu nyingine zote zikainuka kwa pamoja. "Simameni pamoja! Dada, mshike bega! Mama, tazama huku!" Walitupiga picha kutoka kila upande, na nyuma yetu lile shuka lilikuwa bado limefunuliwa.

Wageni walipotoka kwenda kunywa maji mlangoni, bosi akapiga simu. Mkono wangu mmoja ulikuwa ndani ya sinki ukitafuta kibendera, kwa mwingine nikawasha sauti ya nje ya simu.

"Wameshanitumia video!" alikuwa akipiga kelele za furaha. "Kumbe una kipaji! Ile ya kufoka, na mama kukimbia na povu, iwe kila siku. Ya udugu tutaifumbia macho."

Mama alisikia kila neno. Alikuwa akianua nguo za kamba za katikati, zikiwa bado zinachuruzika maji, moja baada ya nyingine.

"Kesho mnakuja saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne. Mama, mimi sikujua kama..."

"Ulijua." Alikamua nguo moja, akaikunja. "Mwanangu anaingia hapa saa yoyote. Mtembeza wageni abishe hodi kama wengine, nami nitaamua."

Nilijiapiza sitakwenda. Nikaenda. Msimu ni miezi mitatu, na miezi tisa iliyobaki haina orodha wala mshahara. Nilijichukia njia nzima, huku nikiwaeleza watu ishirini na wawili habari za mnara kwa tabasamu lile lile.

Saa nne kamili nilisimama mbele ya mlango wa ua. Ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi. Ndani maji yalikuwa yakimwagwa, kisha yakakatika. Nikabisha tena.

"Hakuna mtu?" mgeni mmoja akauliza nyuma yangu.

Mlango ule una nafasi kwa chini. Niliona miguu ya mama, imelowa, imesimama hatua mbili tu kutoka kwangu.

"Hakuna mtu," nikasema.