Kikomo cha Alasiri

Kompyuta ya Badria ilikuwa na tabia yake: asubuhi inakimbia, alasiri inagoma. Asubuhi Badria hana haja nayo, yumo jikoni. Alasiri ndipo wanafunzi wake wanapoingia mtandaoni, Wajerumani wawili, kijana wa Kikorea na mama mmoja wa Kidenmark, kila mtu yuko kwao, wakija kujifunza Kiswahili kwa mwalimu aliyekaa sebuleni kwake Vuga, ghorofa ya pili. Na hapo ndipo picha inapoganda, sauti inapokatika vipande vipande, na darasa zima linapobaki kumtazama mwalimu aliyeachama mdomo katikati ya neno.

Chuo kilichomwajiri kilikuwa kimeshamwonya. Kilisema kwa upole, kama wasemavyo watu waliokwisha kuamua, kwamba Alhamisi msimamizi angekuja kulisikiliza darasa lake. Likikatika tena, wanafunzi watapewa mwalimu mwingine. Na Badria kazi hii aliipenda kuliko alivyokuwa akikiri mbele ya mashoga zake. Alikuwa akiamka nayo na kulala nayo.

Mumewe, Sabri, alimhurumia mno. Yeye ndiye aliyeleta ruta, ndiye aliyeifunga ukutani, na kila mtandao ulipogoma ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama. Aliizima, akaiwasha. Akasema kuta za Mji Mkongwe ni nene, mawimbi hayapenyi. Wakaihamishia ruta mezani, ubavuni mwa kompyuta, wapi! Akasema virusi, Badria akasafisha, akafuta hata programu asizozijua kazi yake. Akasema jioni watu wote wamo mtandaoni, Unguja nzima inavuta maji kwa bomba moja. Siku nyingine akaifungua kompyuta yenyewe kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kama daktari anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Imezeeka hii, mke wangu," alisema. "Nawe unajitesa bure. Pengine kazi yenyewe haina kheri nawe."

Kisha akamtilia chai ya tangawizi. Badria akamshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye moyo, na nani angemlaumu? Wangapi wana waume wa kuwatilia chai?

Kumkataza, Sabri asingeweza. Siku ya posa babake Badria, Mzee Mkubwa wa Kikwajuni, mtu asiye na maneno mengi, alitoa sharti moja tu: mwanangu asomeshe, asikatazwe. Sabri akalikubali mbele ya wazee. Siku ya ndoa likatajwa tena mbele ya sheikh, naye akaitika kwa sauti hadi wanawake waliokuwa ndani wakamsikia. Ahadi ni deni, na mashahidi wote bado wazima.

Alhamisi ikafika. Badria aliposali alasiri, Sabri bado yuko kazini, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: aliipigia simu kampuni ya mtandao. Kwa nini hakupiga mapema? Kwa sababu kila alipotaka kupiga, Sabri alikuwa keshainama. Alipokewa na mwanamke mwenye sauti ya subira.

"Kwetu inatoka nzima, dada. Simu yako hapo ulipo inakwenda vipi?"

"Mbio."

"Kwa ruta hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Basi iunganishe kompyuta na bando la simu yako, uiangalie."

Badria akaiunganisha. Ile kompyuta iliyozeeka, iliyotikisiwa kichwa, ikafungua kila alichokigusa kabla hajaondoa kidole.

"Kumbe nzima," alisema taratibu.

"Nzima. Sasa rudi kwenye ruta, ufungue ukurasa wake. Nywila iko kwenye kibandiko chini yake. Tafuta pale palipoandikwa udhibiti wa wazazi. Watu huwawekea watoto kikomo cha kasi ili wasicheze gemu, halafu husahau. Una watoto, dada?"

"Sina."

Ukurasa ulipofunguka, simu yake ilikuwa haina kikomo. Ya Sabri haina. Televisheni haina. Kompyuta peke yake ndiyo iliyobanwa kasi, Jumamosi hadi Alhamisi, saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku. Ijumaa, siku asiyosomesha, ilikuwa imeachwa huru.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na wakishasema huendelea na chai yao. Badria alikumbuka bisibisi, akakumbuka vumbi lililopulizwa, akaona haya, yeye aliyetendwa, kwa zile shukrani zote alizozitoa. Alimuaga yule mwanamke kwa adabu, akakiondoa kikomo kwa mkono wake mwenyewe.

Sabri aliingia na mkate wa ufuta mkononi. "Asalaam alaykum. Vipi, leo inakwenda?"

"Waalaykum salaam. Inakwenda. Nshakitoa ulichokiweka."

Hakuuliza kitu gani. Angeuliza tu, Badria angepata japo chembe ya shaka ya kushikilia.

"Badria, nisikilize. Watu wanasema. Kila jioni sauti ya mke wangu inasikika hadi njiani, anacheka na wanaume."

"Ungelinambia."

"Ningelikwambia vipi? Nshaahidi mbele ya baba yako." Hapo sauti yake ikapata nguvu. "Na ahadi sikuivunja. Sema haki, mie nimekukataza hata siku moja?"

Kweli Sabri hakumkataza. Sharti la Mzee Mkubwa lilikuwa zima kama siku lilipotolewa, na hilo ndilo lililomchoma Badria. Angemkataza wangegombana, angelia, angekwenda Kikwajuni akasuluhishwa akarudi. Huyu alikaa pembeni yake miezi na miezi akimwaminisha, kwa huruma na chai, kwamba mwenye mkosi ni yeye.

Kompyuta ikaita. Badria akatengeneza mtandio, akakaa. Wote wakatokea, na msimamizi pamoja nao, picha safi hata mvuke wa kikombe cha mama wa Kidenmark ukionekana. Na katika kidirisha chake mwenyewe, nyuma ya bega lake, Sabri alionekana wazi kabisa, kasimama na mkate wake.

Kijana wa Kikorea, asiyependa kupoteza nafasi ya kusema, akasogea karibu. "Mwalimu, huyo nyuma yako ni nani?"

Badria hakugeuka.

"Huyo ni fundi wa mtandao," akajibu. "Haya, rudieni."

Wakarudia wote kwa pamoja, mara mbili, kwa bidii, na Sabri akasikia kila neno.