Weupe Chini ya Kibao

Kuna watu wamejaliwa macho makavu, na baba mdogo alikuwa mbele kabisa kwenye foleni. Aliingia karakana ya binti wa marehemu kaka yake, akaweka gitaa la besi mezani kana kwamba ni lake.

"Shikamoo, baba mdogo," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimepata mteja wa vitu vya kale. Kasema bila neno lako hanunui. Anataka kujua kama ni la zamani hasa au ni haya yaliyoigwa baadaye."

Binti, fundi wa magitaa, aliligeuza. Kwenye pembe ya chini vidole vyake vikakuta vishimo vya meno, meno yake mwenyewe ya utotoni, alipokuwa akitambaa miguuni pa baba yake na kuguguna kila kitu. Akajua ni la baba yake, lakini akaendelea kulikagua kama la mgeni.

Kando ya dirisha alikaa mama yake, akifuta nyuzi. Siku ya msiba, mama alilitazama gitaa lililokuwa ukutani akasema, "Hili si la mume wangu." Shemeji yake, huyu huyu baba mdogo, akawaambia waombolezaji kwamba huzuni imemvuruga akili. Ukoo ukaamini, na tangu hapo mama akisema neno kikaoni, watu hukonyezana. Gitaa mtu anaweza kukuibia ukamsamehe. Akili za mama yako, thubutu. Binti alijifunza ufundi kwa hasira hiyo.

Alichukua bisibisi, akafungua kibao cha plastiki kilicho chini ya nyuzi. Mwenye kuyajua magitaa haya anajua kwamba rangi nyeupe hugeuka njano kwa miaka, ila chini ya kibao mwanga haufiki, kwa hiyo hubaki nyeupe. Yale yaliyoigwa hupakwa unjano wa uongo kiwandani, kila mahali, hadi chini ya kibao. Baba mdogo hakulijua hilo hata chembe.

Chini ya kibao palikuwa peupe.

"Unaona?" binti akasema. "Uzee wa juu juu. Ndani rangi ni mpya." Akashusha lile lililoachwa siku ya msiba, ambalo sasa lilining'inia ukutani pa karakana, akalifungua nalo. Njano tupu. "Linganisha mwenyewe. Hapa uzee umeingia mpaka ndani."

Baba mdogo alimeza mate. Tamaa mbele, mauti nyuma.

"Basi hilo la ukutani ni langu," akasema.

"Lako kivipi, shemeji?" mama akauliza taratibu.

"Nilibadilisha. Siku ya msiba nilichukua la kaka, nikaacha langu. Sasa kila mtu achukue chake, yaishe."

"Sawa," binti akasema. "Ila mwambie shangazi kwanza, tusije tukaonekana tumekudhulumu." Akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Shangazi huyo, ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri ukoo mzima unalo. Baba mdogo akarudia neno kwa neno, macho hayabanduki kwenye gitaa lililoshushwa ukutani.

"Kwa hiyo wifi hakuwa amechanganyikiwa?" sauti ya shangazi ikauliza.

"Hakuwa, dada."

Mama aliweka kitambaa chini. Akalivuta gitaa la mumewe mapajani, akapapasa vile vishimo vya meno, akalia kimya kimya.

Baba mdogo hakumtazama. Alilikumbatia lake hadi mlangoni, akageuka.

"Mteja anakuja kesho, mwanangu. Usiniangushe. Mwambie ukweli tu."

"Ukweli mtupu, baba mdogo," binti akasema, akamfungulia mlango.