Fundi Aliyejipandishia Bei

Watu wengine Jumamosi huenda kutazama mpira. Mama Pacha na mumewe, fundi mwashi, walikuwa wakienda kutazama nyumba za watu. Nia ya kununua hawakuwa nayo. Walivaa nguo za kwendea harusini, wakawaacha pacha wao kwa shangazi, kisha wakapiga hodi popote penye kibao cha "Inauzwa" na kutembezwa vyumba vyote kama mabalozi. Kiingilio bure, na mara nyingine maji baridi juu yake. Wakirudi kwenye chumba chao kimoja cha kupanga walikuwa na la kucheka wiki nzima: lile bafu lisilo na mlango, au yule bwana aliyefuga jogoo sebuleni akisema ni mlinzi.

Nyumba ya kumi na mbili ndiyo iliyoharibu mchezo.

Ilikuwa nyumba kuukuu ya mkunga mstaafu, bibi mfupi ambaye hata akikukaribisha kiti unahisi umeamriwa kusukuma. Vyumba vitatu, rangi imebambuka, na mbele kuna baraza pana lililojaa mwanga. Mama Pacha alikuwa mshonaji. Aliposimama pale barazani aliiona cherehani yake imekaa kwenye kona ile, inapumua, badala ya kubanwa kati ya kitanda na jiko. Kibaya zaidi, bei aliyoitaja bibi ilikuwa sawasawa na akiba yao yote. Akamvuta mumewe pembeni.

"Baba Pacha, hii naitaka."

"Unaitaka kuitaka, au unaitaka kama ile ya jogoo?"

"Naitaka kuitaka. Sasa nisikilize. Uso uwe mkavu, na usisifie kitu hata kimoja."

"Mimi? Mimi kaburi."

Kaburi lenyewe lilidumu dakika tatu.

"Nisiwafiche, wanangu," bibi alisema walipofika chumba cha nyuma, "ukuta huu umeoza. Dalali ameniambia nyumba yote ni ya kubomoa. Mnanilipa kiwanja tu."

Sasa, kuna watu hawapiti karibu na mtoto mchanga bila kumfinya shavu. Fundi alikuwa hivyo kwa kuta. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio, akaugonga tena chini kidogo. Mama Pacha akakohoa.

"Huyo dalali ana macho kweli?" fundi akasema. "Hii ni lipu tu imevimba. Maji ya paa yanamwagikia hapa nje. Lakini tofali za ndani, bibi! Siku hizi hakuna anayechoma tofali namna hii."

Mama Pacha akamkanyaga mguu. Fundi akausogeza kwa adabu, akidhani amemzibia njia, kisha akapanda juu ya kigoda na kuchungulia darini.

"Na mbao hizi! Mchwa akijaribu anang'oka meno. Nyumba hii ina miaka hamsini mbele yake."

"Hamsini?" bibi akauliza polepole.

"Ukibisha, lete fundi mwingine."

Bibi akakunja mikono kifuani. "Basi siwezi kuiuza kwa bei ya kiwanja."

Hapo ndipo fundi alipoelewa. Alishuka kigodani na uso wa mtu aliyejifungia nje na ufunguo kauacha ndani.

"Au pengine thelathini, bibi. Ishirini na—"

"Umesema hamsini."

Mama Pacha alijikuta ameketi sakafuni na gauni lake la harusini. Alitaka kulia, kikatoka kicheko.

"Bibi, nimeishi na mtu huyu miaka tisa. Hajui kusingizia ukuta. Ukitupandishia, sisi tunakwenda zetu, maana tulichonacho ni kile ulichotaja mwanzo. Ila kama utaiuza, muuzie atakayeikalia. Usimpe mtu wa kubomoa."

Bibi aliugusa ukuta kwa kiganja, kama anayetafuta mapigo ya moyo.

"Watu saba wamekuja wiki hii. Wote walinikubalia kwamba imeoza. Mmoja hata alinipa pole ya msiba." Akamgeukia fundi. "Mimi nahamia kwa mwanangu. Nataka chumba changu mwenyewe uani kwake, na tofali, saruji na mabati ninavyo. Wamekuja mafundi wawili. Wa kwanza alinijengea ukuta umeinama kama mlevi, wa pili akaniambia haukuinama. Nimechoka kudanganywadanganywa. Nijengee wewe. Ufundi wako ndio uwe nyongeza ya bei, fedha ibaki ileile."

Fundi akakuna kichwa. Akafumbua mdomo.

"Bibi, kusema kweli, ufundi wa chumba kimoja haufiki hata robo ya—"

Mama Pacha aliruka kutoka sakafuni na kuuziba ule mdomo kwa kiganja.

"Anaanza Jumatatu," akasema.