Mama Mdogo Niliyemzika kwa Kalamu

Fomu ya mtaalamu wa kutafuta ndugu waliopotea ilikuwa na kurasa nne, na swali la kwanza kabisa lilikuwa ndugu walio hai. Nikaandika: hakuna. Mama mdogo, aliyechangia tumbo moja na mama yangu, nikamweka kwenye safu ya marehemu, nikambunia na tarehe. Siku ya msiba wa mama alinitamkia mbele za watu kwamba sikumuuguza vya kutosha, na tangu siku hiyo kwangu alishakufa. Miaka saba. Sikujuta hata kidogo, nisiseme uongo.

Nilichotaka ni kimoja tu: kumjua baba yangu, tena nimkute angali anapumua. Mama alikwenda na jina lake kaburini.

Mtaalamu alikuwa mzee mkavu, mstaafu wa ofisi ya kumbukumbu, analamba kidole kabla ya kufunua ukurasa.

"Mimi huanza na walio hai," aliniambia. "Karatasi zinasubiri, watu hawasubiri. Hakuna hata mmoja?"

"Wote wametangulia," nikajibu, macho makavu.

"Basi tutapita njia ndefu."

Ikawa ndefu kweli. Miezi kumi na moja ya madaftari ya wodi ya wazazi, orodha za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mama, vitabu vilivyoliwa na mchwa hadi majina yakabaki nusu. Kila Jumatatu nilimpigia simu kumwambia ni kobe, naye akanivumilia.

Juzi akaniita. Mezani palikuwa na nakala ya ombi la ndoa, la mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Ndoa haikufungwa, lakini jina la baba lilikuwepo, zima, na chini yake shahidi mmoja: mama mdogo.

"Huyu angetumalizia kazi kwa alasiri moja," mzee akasema kwa huruma. "Ndiyo hivyo, Mungu amrehemu."

Nikaitikia amina.

Mama mdogo anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Nilimkuta anakunja mashuka. Hakushtuka, wala hakunikaribisha. Nikalitaja lile jina.

"Alikuwa anakuja," akasema, mikono haisimami. "Kila mwaka, tangu mama yako afariki. Kukutokea mlangoni aliona aibu, akanitaka mimi nikulete. Nikulete vipi, na wewe ukiniona unavuka barabara? Nilikuandikia mara mbili."

Barua zile nilizichana bila kuzifungua.

"Yuko wapi sasa?"

"Tumemzika mwezi wa pili, mwanangu."

Mwezi wa pili mimi nilikuwa namfokea mzee wa watu kwamba ananichelewesha. Nikakaa sakafuni. Kwa kuwa sikuwa na lingine la kuuliza, nikauliza alikuwa mtu wa namna gani.

"Mtu wa kususa," akasema mama mdogo. "Alimsusa mama yako kwa neno dogo tu, wiki moja kabla ya ndoa, akaapa hamtazami tena, na kweli hakumtazama hadi mama yako alipozikwa. Kila akija hapa ananiuliza kama umefanana naye. Namwambia, sura hapana."